B Isiyopumua

Kabula Malimi alikataa kukana.

“Herufi hizi ni zako?” Inspekta Eufrasia Ngassa aliuliza kwa mara nyingine. Aliisogeza picha mbele ya mtuhumiwa.

“Ni zangu. Nimeshakwambia.”

“Itazame kwanza, Kabula.”

“Nimeitazama. Huo mguu wa R nilihangaika nao mwaka mzima. Leo niukane kwa sababu umekaa kwenye paja la ng'ombe?”

Sajenti Constantine Mwandu, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua kichwa. Alikuwa amewaona watuhumiwa wanaolia, wanaosali na wanaojifanya kuugua. Anayekidai kielelezo kuwa chake hakuwahi kumwona.

Picha ilionyesha paja la mtamba mwekundu. Juu ya ngozi kulikuwa na kovu bichi la herufi tatu: BRD. Hiyo ilikuwa chapa ya ranchi moja iliyo karibu na Lamadi, lakini mtamba hakuwa wa ranchi. Alikuwa wa Philomena Mhoja wa Mwamapalala, aliyeamka asubuhi akakuta zizi lake limevunjwa. Polisi walilikamata kundi lake Lamadi, ndani ya fuso. Wezi walikuwa wamewapiga ng'ombe chapa ya ranchi ili wavuke vizuizi vya barabarani kama mali halali. Chini ya kiti cha dereva kilikutwa chuma cha chapa. Dereva, aitwaye Athanasi, alisema alikodiwa tu, na kwamba chuma hicho alikiona kwa mara ya kwanza mikononi mwa askari.

Ranchi ilikuwa na vyuma viwili. Polisi wa Lamadi walivikuta vyote viwili stoo, chini ya kufuli. Vilitengenezwa katika karakana ya Kabula, Bariadi mjini, kwa herufi alizozibuni yeye. Kwa hiyo mtu fulani alikuwa ametengeneza cha tatu, na kila aliyekitazama alimtaja mtu mmoja.

“Nieleze herufi hizi zilivyo,” Eufrasia alisema.

Kabula aliketi wima. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kidevu kilichoinuka hata alipokuwa kimya.

“Zinaitwa Malimi Nene. Ni nene, hazina mikia, na kila mwisho wa mstari ni wa mviringo. Unene wake ni dole gumba la baba yangu.”

“Dole gumba?”

“Malimi alikuwa mhunzi. Alitengeneza vyuma vya chapa kwa wafugaji wa Itilima yote. Chuma chenye pembe kali hushika moto mwingi kwenye pembe, kisha hukata ngozi. Kwa hiyo kila pembe aliipiga tupa mpaka ikawa duara. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam walitufundisha herufi zilizonyooka kama rula. Nikarudi likizo, nikaweka karatasi juu ya vyuma vya baba, nikasugua kwa mkaa. Nikaona tuna herufi zetu hapa, na hakuna aliyewahi kuziweka kwenye kompyuta.”

“Sasa ziko wapi?”

“Uliza ambako haziko. Ziko kwenye mifuko ya mbegu za pamba. Ziko kwenye vibao vya shule na kwenye migongo ya bodaboda. Kiangazi vumbi likitanda barabarani, herufi nyembamba inapotea. Yangu unaisoma.”

“Na ziko kwenye vyuma vya chapa.”

“Ndiyo. Huko ndiko zilikotoka.”

“Pamoja na chuma kilichompiga mtamba huyu?”

Kabula aliivuta picha. Safari hii aliitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeonja chakula kilichochacha.

“Hapana. Herufi ni zangu, kazi si yangu. Tazama B. Imeungua yote, imekuwa donge. Haikupumua.”

“Fafanua.”

“B ina matundu mawili. Ukiyafunga pande zote kwenye chuma, joto linakosa pa kutokea. Linababua ngozi iliyo katikati. Kovu likipona huoni B, unaona bonge. Kwa hiyo kwenye chuma ninaacha mwanya upande wa mgongo wa B. Huo ndio mlango wa kupumulia. Aliyetengeneza chuma hiki ameufunga.”

Chuma chenyewe Eufrasia alikuwa hajamwonyesha. Ilikuwa kanuni yake katika mahojiano kubakiza kitu kimoja ambacho mtuhumiwa hajakiona. Kilikuwa ndani ya kabati nyuma yake, kimefungwa kwenye mfuko wa vielelezo, na B yake ilikuwa imefungwa pande zote.

“Ukitaka kunishtaki kwa wizi wa mifugo, nishtaki,” Kabula alisema. “Lakini usiniandikie kwamba nilitengeneza B hiyo.”

*

“Amejuaje?” Constantine aliuliza walipotoka nje. “Chuma hajakiona, Afande, lakini anajua kimefungwa. Mimi nasema anajua kwa sababu alikitengeneza.”

“Au anajua kwa sababu anaijua kazi yake.”

“Mkuu hataki habari ya hiyo ‘au’ yako.”

Hilo lilikuwa kweli. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka kesho yake. Kwa maoni yake ushahidi ulitosha: herufi za Kabula, karakana ya Kabula, na ungamo la Kabula kwamba herufi ni zake. Habari zilikuwa zimefika redioni. Minadani watu walikuwa wameanza kuiita Malimi Nene herufi za wezi.

Nyuma ya kituo, ng'ombe waliokamatwa walikuwa wamefungiwa kwenye uzio wa miti. Philomena Mhoja alikuwa ndani, akiwamwagia majani aliyokuja nayo kwenye toroli. Alikuwa amefunga kanga kiunoni, na rozari ilining'inia shingoni mwake.

“Mwangaluka, mayu,” Constantine alimsalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka. Sina mhola mimi, sina salama yoyote. Ng'ombe wangu wako mahabusu, na mwizi yuko kwenye kiti anakunywa chai.”

“Hatujampa chai, mayu.”

“Basi mpeni. Akitoka nje nitammwagia.” Aliupigapiga kwa mkono mgongo wa mtamba mwekundu. “Mtazameni huyu. Wamemchoma kama hindi. Baba yake Kabula alikuja kwetu nikiwa msichana. Alikuwa anapiga chapa, ng'ombe anaruka mara moja, kisha anarudi kula. Kovu lake lilisomeka mpaka ng'ombe anakufa. Binti amekwenda kusoma, amerudi na hii.”

Eufrasia aliinama akalitazama paja. D ilikuwa imebakiza umbo. R ilisomeka kwa shida. B ilikuwa donge moja jekundu lenye majimaji.

“Una ng'ombe mwingine aliyepigwa chapa kwa chuma cha karakana ya Kabula mwenyewe?”

“Sina. Mimi nawakata alama masikioni, kama alivyofanya mama yangu. Wezi ndio wameniletea usomi.”

Constantine alicheka. Eufrasia hakucheka. Alikuwa akifikiria jambo alilolisema Philomena bila kulikusudia. Kama Kabula alijifunza kwa mhunzi ambaye makovu yake yalisomeka mpaka ng'ombe anakufa, chuma kibaya hiki kilihitaji maelezo.

“Anaweza kuwa amekiharibu makusudi,” Constantine alisema, kana kwamba amemsikia. “Ili akikamatwa aseme si kazi yake.”

“Anaweza. Chukua chuma. Twende kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea Kabula vyuma.”

*

Ndaki alikuwa fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwa Kabula. Kisha waligombana, akafungua karakana yake Lagangabilili, ng'ambo ya ofisi mpya za serikali. Ikiwa mtu mwingine alijua kutengeneza chuma cha Malimi Nene, ni yeye. Ikiwa mtu mwingine alikuwa na sababu ya kumharibia Kabula jina, ni yeye pia.

Mbele ya ofisi mojawapo, Eufrasia alisimamisha gari. Kibao kikubwa kipya kilikuwa kimelazwa chini, kifudifudi, na nguzo zake mbili zilisimama tupu.

“Kwa nini hakijapandishwa?” alimwuliza mlinzi.

“Tumeambiwa tusubiri, Afande. Kimeandikwa kwa zile herufi.”

“Herufi zipi?”

“Zile za kwenye ng'ombe.”

Ndaki aliwapokea akiwa na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za grinda.

“Mnamtafuta mwizi kwangu? Karibuni. Mwizi gani anafanya kazi mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya?”

“Mwenye akili,” Constantine alisema.

“Basi umenitoa kwenye orodha, sajenti. Mke wangu atashuhudia.”

Eufrasia aliuliza kwa mpangilio. Ndaki alijibu bila kusita. Ndiyo, aligombana na Kabula. Sababu? Kabula alirudisha kazi zake mara kwa mara, hata kama kosa lilikuwa la upana wa unywele. Ndiyo, vyuma viwili vya ranchi alivitengeneza yeye, kwa mkono wake. Ndiyo, kalibu ya mbao ya BRD alikuwa nayo. Aliondoka nayo.

“Kwa nini uliondoka nayo?”

“Kwa sababu niliichonga mimi.”

“Ilete.”

Constantine alimtazama mkubwa wake kwa macho ya mtu aliyeona mwisho wa safari. Ndaki aliingia ndani, akatoka na ubao uliochongwa herufi tatu. Eufrasia aliuweka mezani. Kisha alifungua mfuko wa vielelezo, akakilaza chuma cha fuso juu ya ubao, uso kwa uso.

Kimo cha herufi kilikuwa kilekile. Unene haukuwa uleule. Kila mstari wa chuma ulipita ukingo wa mstari wa ubao, ndani na nje. Matundu ya B, ambayo kwenye ubao yalitosha kuingiza ncha ya kidole, kwenye chuma yalikuwa madogo kama punje za mahindi.

“Hakikutoka kwenye kalibu hii,” Eufrasia alisema.

“Hakikutoka kwangu kabisa,” Ndaki alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Utani ulikuwa umekwisha. “Mimi nakunja bamba jembamba na kulichomelea. Utaona viungo vya weldingi nyuma. Herufi za hiki hazina kiungo, ila pale zilipogandishwa kwenye mpini. Zimekatwa zote kutoka kwenye bamba moja zito. Tazama ukingo, una mistari midogo. Hiyo ni mashine inayoongozwa na kompyuta.”

“Una mashine hiyo?”

“Ningekuwa nayo ningekuwa nimekaa kivulini.”

“Kabula anayo?”

“Hana. Anasema mashine haina kidole.”

Eufrasia aliomba ngozi kavu ya ng'ombe na mkaa. Ndaki aliagiza ngozi ikaletwa kutoka buchani. Walipasha vyuma viwili kwenye moto mmoja: kile cha fuso, na cha zamani cha Ndaki chenye B iliyoachwa mwanya. Eufrasia alivikandamiza mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa muda uleule.

Walipoinua, moshi ulipotawanyika, hakuna aliyehitaji kuelezwa. B ya Ndaki ilikuwa na matundu mawili safi. B ya pili ilikuwa doa.

“Sawa,” Constantine alisema polepole. “Lakini Kabula bado anaweza kuwa alipeleka faili lake kwenye mashine ya mtu.”

“Faili lipi? Analo la karatasi na analo la chuma. La chuma lina mwanya, la karatasi lina matundu mapana. Chuma hiki hakikutoka kwenye hilo wala kwenye lile. Mtu amechukua herufi zake akazinenepesha, na hakujua kwamba ng'ombe si kibao.” Eufrasia alirudisha kielelezo kwenye mfuko. “Kabula anajua ng'ombe. Ndaki anajua ng'ombe. Tunamtafuta mtu anayejua herufi, lakini hajawahi kusimama zizini.”

“Mashine ya namna hiyo naijua moja,” Ndaki alisema. “Iko Lamadi, kwa Mashimba. Anakata mageti ya maua na kutengeneza mabango.” Alivuta miwani yake chini, kisha akaiinua tena. “Afande. Kabula mwambieni kalibu yake ipo. Sijaikwaruza.”

*

Kutoka Bariadi hadi Lamadi, Eufrasia alikaa upande wa abiria na kusoma vibao. Hakuwahi kuvisoma hivyo kabla. Shule ya msingi: Malimi Nene. Zahanati: Malimi Nene. Ghala la chama cha wakulima wa pamba: Malimi Nene, kwa rangi nyeupe juu ya ukuta wa buluu, ikisomeka tangu mbali kuliko ghala lenyewe. Alijishangaa kwa kuona fahari. Alikuwa amepita barabara hiyo maisha yake yote, akidhani herufi zile zimeletwa kutoka mahali fulani pakubwa.

Kwenye barabara kuu ya Lamadi, mabasi ya Mwanza na Musoma yalipita kwa kasi. Mabango yalikuwa mengi: samaki wa barafu, nyumba za kulala wageni, ziara za Serengeti. Herufi zilikuwa zilezile, lakini si zilezile.

“Simama hapa,” alimwambia Constantine.

Alishuka mbele ya bango la nyumba ya wageni. Neno KARIBU lilikuwa na B moja. Aliweka ncha ya kidole chake kwenye tundu la juu. Herufi ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya chuma, lakini tundu lilikuwa dogo kuliko lilivyostahili, limebanwa kati ya kuta mbili nene.

“Imenenepa,” Constantine alisema.

“Imenenepeshwa.”

Mashimba alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye saa kubwa. Aliwakaribisha kwenye viti vya plastiki mbele ya duka lake. Jina lake lilikuwa juu ya mlango, kwa herufi nyekundu zilizovimba.

“Inspekta kutoka Bariadi. Mmekuja kutengenezewa kibao cha kituo? Kile chenu nimekiona, ni aibu.”

“Mabango haya ya barabara kuu yote ni yako?”

“Kuanzia kizuizi mpaka darajani. La ranchi pia ni langu.”

“Herufi zinanikumbusha za Kabula.”

“Zilikuwa za Kabula.” Mashimba alitabasamu. “Alizichora kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu. Hapa ni barabara kuu. Dereva anakupa nafasi ya kupepesa jicho. Nilimwambia, zinenepeshe. Akaniambia mimi sijui herufi, mbele ya wateja wangu. Basi nikazinenepesha mwenyewe. Nani sasa anasomwa na basi zima?”

“Zako zinaonekana mbali,” Eufrasia alikiri. “Umewahi kukata chuma cha chapa ya ng'ombe?”

“Chapa? Hapana, sijawahi. Mimi na ng'ombe tunakutana kwenye sahani.”

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja. Nisingependa kunuka kwato.”

Constantine alianza kufunga daftari. Eufrasia hakuinuka. Upepo kutoka ziwani ulileta harufu ya samaki wa kuchoma. Kando ya karakana, chini ya turubai, mama lishe alikuwa akigeuza sato juu ya jiko la mkaa. Jina lake, Nancy, liliandikwa kwenye turubai kwa zilezile herufi zilizovimba. Eufrasia alimtazama Mashimba akimtazama Nancy, kisha akiyaondoa macho kwa haraka isiyo ya lazima.

Alikwenda jikoni.

“Shikamoo, Afande,” Nancy alisema. “Nikufungie mmoja?”

“Marahaba. Wavu wako wa kuchomea umeupata wapi?”

“Huu? Si wavu, ni chuma cha kutupa cha Mashimba. Nyavu za sokoni zinapinda. Huu hata niweke ng'ombe mzima.”

Lilikuwa bamba zito la chuma, jeusi kwa moshi. Mashine ilikuwa imelitoboa matundu makubwa, na makaa yalionekana humo, yakiwaka. Chini ya mkia wa samaki wa kwanza kulikuwa na tundu lenye umbo la D. Chini ya wa pili kulikuwa na R. Nancy alipomwinua wa tatu kwa mkono mzoefu, moto ulionekana wote kupitia tundu la B.

“Nitakulipa samaki wote,” Eufrasia alisema. “Lakini naomba uwaondoe jikoni.”

Constantine alilitoa bamba kwa koleo, akalimwagia maji. Lilipiga kelele, likafuka, likapoa. Mashimba alikuwa amesimama, lakini hakutembea. Watu wawili watatu waliokuwa wakingoja chakula walisogea kutazama. Eufrasia aliwaomba wabaki, akawauliza majina yao, kwa sababu wangehitajika kama mashahidi.

Alitoa chuma cha chapa kwenye mfuko. Aliligeuza bamba upande wa pili, akakishusha chuma juu ya matundu yake. Hakuhitaji kusukuma. D iliingia mahali pake, R ikaingia, na B ikazama katikati ya kuta zake. Ilibaki nafasi ya unene wa ukucha tu kuzunguka kila herufi, nafasi iliyoliwa na moto wa mashine.

Nancy aliinama akalitazama bamba lake.

“Kumbe nilikuwa nachoma sato juu ya ushahidi,” Nancy alisema. “Ndiyo maana walikuwa watamu.”

“Mteja alisema ni mtu wa ranchi,” Mashimba alisema. “Alisema chuma chao kimevunjika. Nilikuwa na faili la kibao chao. Ningejuaje?”

“Hukujua ulipokikata. Nakubali. Umekana sasa hivi, mbele ya sajenti. Kwa nini?”

Mashimba alitazama jina lake juu ya mlango.

“Redio ilisema mmemkamata Kabula. Nikasema, haya. Yeye ndiye anayejua herufi.”

“Ukamwacha.”

“Nikamwacha.”

Eufrasia alimwonyesha picha za watu kadhaa, zikiwa zimechanganywa kama utaratibu unavyotaka. Mashimba hakusita. Aliweka kidole juu ya uso wa Athanasi, dereva ambaye hakukijua chuma kilichokuwa chini ya kiti chake.

“Huyu. Alisema ni kizuri kuliko kile kilichovunjika.” Hata wakati pingu zilipofungwa, kulikuwa na kiburi kidogo katika sauti yake. “Alisema herufi zimejaa.”

“Zilijaa mno,” Constantine alisema. “Panda gari.”

*

Mkuu wa upelelezi alisoma taarifa akiwa amesimama. Aliuliza maswali mawili, akapata majibu mawili, akatia saini ya kumwachia Kabula. Philomena aliruhusiwa kuwachukua ng'ombe wake baada ya kupigwa picha za mwisho. Alipoonyeshwa ile ngozi ya Ndaki, B mbili zikiwa bega kwa bega, aliitazama muda mrefu.

“Hii ya mwanya ndiyo ya baba yake,” alisema. “Ile ya pili sijui ya nani.” Kisha akamgeukia Kabula, aliyekuwa akikusanya mkoba wake mapokezi. “Binti, nilikusudia kukumwagia chai.”

“Nilisikia, mayu. Sauti yako inapita ukuta.”

“Mtamba wangu amebaki na donge. Utanitengenezea changu? Nimechoka kukata masikio.”

“Nitakutengenezea. Lakini hutakipata haraka.”

“Kwa nini?”

“Jina lako linaanza na P. P ina tundu moja tu, kwa hiyo uzito wote umelala juu. Lazima niitafutie usawa.”

Philomena alimtazama Eufrasia. “Huyu mlikuwa mnamshuku wizi? Muda wa kuiba angeupata wapi?”

Eufrasia alijitolea kumsindikiza Kabula Lagangabilili, alikotaka kumwona Ndaki kuhusu kalibu. Kabula hakumshukuru, na Eufrasia hakutarajia. Alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na mtu aliye pembeni yake alijua maana ya kazi iliyofanywa sawasawa.

Mbele ya ofisi mpya, habari ilikuwa imefika kabla yao. Mafundi walikuwa juu ya ngazi, wakikaza boliti za mwisho. Kibao kilichokuwa kifudifudi sasa kilikuwa juu ya nguzo zake, cha kijani, herufi zake nyeupe, nene na za mviringo zikisomeka kutoka barabarani, kutoka karakana ya Ndaki, na bila shaka kutoka kwenye mashamba ya pamba ng'ambo ya pili. Mlinzi alimtambua Kabula, akavua kofia.

Ndaki alikuwa amevuka barabara. Alisimama akiwa na ubao wake kwapani.

Kabula alishuka kwenye gari la polisi. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akainua dole gumba mbele ya uso wake. Watu wote walingoja.

“Kimelala kushoto,” alisema. “Kishusheni.”

Fundi wa juu alitazama chini, akamtazama Inspekta, kana kwamba anaomba msaada wa sheria.

“Mmesikia,” Eufrasia alisema. “Kishusheni.”

Wakakishusha.